LEV TERMEN, MWANAJESHI ALIYEBUNI CHOMBO KISICHO NA BETRI

Wapo watu ambao kazi ya akili zao hupita mikononi mwetu kila siku, ilhali majina yao hatuyajui. Mmoja wao ni Lev Sergeyevich Termen, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1993, ambaye katika nchi za Magharibi alijulikana zaidi kwa jina la Leon Theremin. Alikuwa ofisa wa redio jeshini, mwanafizikia, mwanamuziki na, kwa miaka kadhaa, mfungwa. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa askari wenzetu wa jeshi na wa polisi, habari za maisha yake na za chombo alichokibuni akiwa kifungoni. Chombo hicho kilikusudiwa kusikiliza siri za watu, lakini kanuni yake ndiyo inayotumika leo kupima hali ya mwili wa binadamu bila ya waya wala betri.

Huenda msomaji akauliza Mrusi huyo anatuhusu nini sisi tulioko Kasese na Bwera, chini ya milima ya Rwenzori. Ili tumjibu, hatuna budi kwanza kukumbuka yaliyotufika hapa mpakani mwaka 2019.

Yaliyotokea Mpondwe

Mwezi Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka katika jimbo la Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua, na 2,287 miongoni mwao walikuwa wamefariki. Kati ya jimbo hilo na wilaya yetu, pale Mpondwe, upo mto Lubiriha tu. Watu wa pande zote mbili ni ndugu wanaooana, wanaouziana chakula na wanaozikana. Siku za soko maelfu huvuka kwa miguu. Kwa hiyo haikufaa kuufunga mpaka huo. Ilifaa kuulinda kwa macho na kwa vipimo. Waliwekwa wahudumu wa afya na askari, yakawekwa maji ya kunawia yenye dawa, na kila aliyevuka akaelekezewa kwenye paji la uso kipimajoto chenye umbo la bastola.

Tarehe 9 Juni 2019 familia moja iliyotoka Kongo iliingia Uganda kwa njia ya pembeni, mbali na kituo. Ndani yake alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa. Mtoto huyo alipelekwa katika hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola cha Bwera. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba ana Ebola, naye akafariki. Bibi yake, aliyekuwa na umri wa miaka 50, alifariki Bwera wiki hiyo hiyo. Ndugu yake wa miaka mitatu alirudishwa Kongo pamoja na jamaa zake, na huko naye akafariki.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka tisa alifika kutoka Kongo akapita katika kituo chenyewe cha Mpondwe. Wapimaji walimgundua papo hapo, akatengwa na kupelekwa Bwera. Naye, kwa masikitiko, hakupona. Lakini katika matukio yote mawili ugonjwa haukusambaa kwa mtu yeyote ndani ya Uganda. Sifa hiyo ni ya wauguzi wa Bwera na wa Kagando, ambao walikuwa wamekwisha kufunzwa, na wengi katika wahudumu wa afya nchini walikuwa wamechanjwa mapema.

Tuyatazame matukio hayo mawili kwa jicho la askari. Kipimajoto ni kile kile na askari ni wale wale. Tofauti ni kwamba msichana alipita mbele ya kipimo, na mtoto wa kiume hakupita. Tena hata huyo anayepita, kipimo humsoma mara moja tu; akishaondoka, joto lake likipanda usiku hakuna ajuaye. Ndiyo sababu wataalamu wa nchi nyingi wamekuwa wakitafuta kihisi kidogo kinachoweza kukaa juu ya ngozi ya mgonjwa, au ndani ya mwili wake, kikaeleza hali yake kila kinapoulizwa, bila ya muuguzi kumgusa na bila ya betri ya kubadilishwa. Katika kutafuta huko, njia inaturudisha kwa Lev Termen.

Kijana wa Redio

Termen alizaliwa katika mji wa St Petersburg tarehe 27 Agosti 1896, katika ukoo wenye asili ya Kifaransa. Tangu utotoni alipenda mambo mawili: umeme na muziki. Alijifunza kupiga chelo, yaani fidla kubwa inayopigwa kwa kuketi, na wakati huo huo akasoma fizikia. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliitwa jeshini, akapelekwa katika chuo cha kijeshi cha uhandisi, kisha katika chuo cha maofisa wa ufundi wa umeme. Huko alitoka akiwa ofisa wa redio, au kama walivyosema wazee wetu, wa simu ya upepo.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 alibaki katika kazi hiyo chini ya Jeshi Jekundu, kwenye kituo cha redio kilichokuwa karibu na Petrograd, jina jipya la mji wake. Mwezi Oktoba 1919 majeshi ya Jenerali Yudenich yaliukaribia mji. Termen na wenzake walifungasha mitambo kwa haraka na kuipakia katika mabehewa ya reli. Mlingoti wa antena, uliokuwa na urefu wa mita 120, haukuweza kubebwa. Termen akaulipua kwa baruti ili usiangukie mikononi mwa adui. Kila opereta wa redio ajuaye jinsi mlingoti unavyosimamishwa kwa jasho atatambua uzito wa kitendo hicho kwa kijana wa miaka 23.

Ala Isiyoguswa

Mwaka 1920 mwanafizikia mashuhuri Abram Ioffe alimwita Termen kufanya kazi katika taasisi yake mjini Petrograd. Alipewa kutengeneza chombo cha kupima tabia ya gesi kwa umeme. Katika majaribio alitambua jambo ambalo wengine wangelihesabu kuwa ni kasoro ya mtambo. Kila alipousogeza mkono wake karibu na chombo, mlio uliotoka ulibadilika. Mwili wa mtu, kwa kuwa una maji na chumvi, huathiri umeme ulio karibu nao hata kama haujagusa kitu. Mtu mwenyewe alikuwa amekuwa sehemu ya mtambo.

Kwa kuwa alikuwa mwanamuziki, hakuitupa kasoro hiyo. Alitengeneza ala yenye antena mbili, moja ya kupandisha na kushusha sauti na nyingine ya kuikuza na kuipunguza, ambayo mpigaji huipiga kwa kupunga mikono hewani pasipo kuigusa. Ala hiyo ndiyo iliyochukua jina lake. Kwa kuwa alikuwa pia mwanajeshi, aliitumia kanuni ile ile kutengeneza king'ora kinacholia mtu anapokikaribia kitu kilicholindwa. Mwezi Machi 1922 alivionyesha vyombo vyote viwili mbele ya Lenin, naye Lenin akajaribu kuipiga ala kwa mikono yake mwenyewe.

Kuanzia mwaka 1925 Termen alishughulikia mtambo wa kuona mbali, ambao sisi leo twauita televisheni, na mwaka 1926 aliweza kuonyesha picha zinazotembea. Wakuu wa jeshi walipouona walifikiria mara moja ulinzi wa mipaka, na mtambo huo ukafanywa siri. Kwa hiyo kazi yake yote, tangu mwanzo, ilikuwa na pande mbili: upande mmoja muziki na manufaa ya watu, upande wa pili ulinzi na siri za dola.

New York na Kurudi

Mwaka 1927 Termen alipelekwa Ulaya kuonyesha ala yake, kisha akavuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1928 alipata hataza ya Marekani kwa ala hiyo, na kampuni ya RCA ikanunua haki ya kuitengeneza. Aliishi New York kwa takriban miaka kumi, akiwa na karakana yake, wanafunzi wake na marafiki wengi wenye majina. Aliyeipiga ala yake kwa ufundi kuliko wote alikuwa Clara Rockmore. Wakati huo huo alitengeneza mtambo wa kugundua silaha kwa ajili ya gereza la Sing Sing. Pia alikuwa akipeleka habari kwa serikali yake. Muziki ulikuwa kazi ya kweli, lakini haukuwa kazi yake pekee.

Huko alimwoa Lavinia Williams, mchezaji ngoma, Mmarekani mweusi. Ndoa hiyo iliwafanya baadhi ya waliokuwa wakimkaribisha majumbani mwao wamfungie milango, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliokuwako. Mwaka 1938 Termen aliondoka ghafla na kurudi Urusi. Wapo wasemao alichukuliwa kwa nguvu, na wapo wasemao alirudi kwa hiari kwa sababu ya madeni na ya vita iliyokuwa ikinukia. Lililo wazi ni kwamba mkewe alibaki New York, na hawakuonana tena. Bibi huyo baadaye alijulikana sana nchini Haiti kwa kufundisha ngoma.

Kifungoni

Alirudi katika wakati mbaya. Mwezi Machi 1939 alikamatwa, akahukumiwa miaka minane ya kazi ngumu, na akapelekwa Kolyma, mahali penye baridi kali kupita kiasi huko mashariki ya mbali ya Siberia. Inasimuliwa kwamba alipopewa kusimamia wafungwa wa kubeba mawe, aliwatengenezea njia ya mbao ya kupitishia matoroli yao, na kazi ikaenda kwa kasi kuliko makundi mengine. Ndivyo alivyookoka, kwani ufundi wake ulionekana.

Baada ya muda mfupi alitolewa Kolyma akawekwa katika moja ya karakana za siri ambamo wafungwa wenye elimu walifanya kazi chini ya ulinzi. Huko alifanya kazi pamoja na mtengenezaji ndege Tupolev, na pia Sergei Korolev, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza kazi ya kurusha chombo cha kwanza katika anga za juu. Wote hao walikuwa wafungwa wa dola waliyoitumikia.

Nishani ya Mbao

Ni katika hali hiyo ya kifungo ndipo Termen alipobuni chombo ambacho kwa ajili yake tumeandika makala hii. Mwezi Agosti 1945, vita ilipokuwa ikimalizika, watoto wa chama cha vijana wa Urusi walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa lake iliyochongwa vizuri katika mbao. Balozi aliipokea kwa furaha, ikatundikwa katika chumba cha kazi cha nyumba yake. Ilikaa ukutani kwa miaka saba.

Ndani ya mbao hiyo kulikuwa na kopo dogo la shaba lililozibwa upande mmoja kwa utando mwembamba wa chuma, na likaunganishwa na kijiti cha antena. Hakukuwa na betri, waya wala taa ya redio. Mafundi waliokagua nyumba hawakugundua kitu, kwa kuwa kopo lile, likiachwa lenyewe, lilikuwa kimya kama jiwe. Lakini Warusi walipoelekeza mawimbi ya redio kwenye nyumba ile kutoka nje, kopo lilitetema kwa mawimbi hayo na kuyarudisha. Watu walipozungumza chumbani, sauti zao ziliutikisa ule utando, na mtikisiko huo ukayabadilisha mawimbi yaliyorudi. Aliyekuwa nje na chombo cha kupokelea alisikia maneno.

Askari aliyefundishwa kupeleka ishara kwa kioo ataelewa upesi. Mwenye kioo hana moto wala taa. Jua ndilo lenye nuru. Yeye hukitikisa kioo tu, na nuru inayorudi ikabeba ujumbe hadi mlima wa pili. Jua likifichwa na wingu, kioo hakisemi neno. Kopo la Termen lilikuwa kioo cha namna hiyo, jua lake likiwa mtambo wa redio uliofichwa nje, na mkono wa kukitikisa ukiwa sauti ya balozi.

Mwaka 1951 opereta wa redio wa Kiingereza aliyekuwa Moscow alisikia kwa bahati mazungumzo ya Wamarekani hewani. Ukafanywa upekuzi, na mwaka 1952, wakati wa balozi George Kennan, mafundi walimwomba balozi akae chumbani akisoma barua kwa sauti kana kwamba anaziandikisha, nao wakafuata mawimbi hadi kwenye nembo ukutani. Mwaka 1960 Marekani ilikionyesha chombo hicho mbele ya Umoja wa Mataifa, baada ya ndege yake ya upelelezi kuangushwa ndani ya Urusi.

Termen mwenyewe aliachiwa mwaka 1947, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Stalin kwa mtambo mwingine wa kusikiliza. Aliendelea kufanya kazi za siri hadi miaka ya 1960, kisha akaenda kufundisha na kutengeneza ala katika chuo cha muziki cha Moscow. Gazeti moja la New York lilipotangaza mwaka 1967 kwamba yu hai, jambo ambalo wengi Magharibi hawakulijua, wakuu wa chuo hawakupendezwa, akafukuzwa na ala zake zikaharibiwa. Mwaka 1991, akiwa na miaka 95, aliruhusiwa kuzuru Marekani. Alifariki Moscow tarehe 3 Novemba 1993, akiwa na miaka 97.

Kutoka Ukutani Hadi Mwilini

Kanuni ya kuongea kwa mawimbi yanayorudishwa haikubaki katika upelelezi. Mwezi Oktoba 1948, kabla ya chombo cha Moscow kugunduliwa, mhandisi Harry Stockman alichapisha Marekani maandishi yaliyoeleza mawasiliano ya namna hiyo kwa njia ya kisayansi. Mwaka 1967 mtafiti Carter Collins alieleza kihisi kidogo kabisa, kisicho na betri, cha kuwekwa ndani ya jicho ili kupima msukumo wa maji yake. Msukumo ulipoongezeka, utando wa kihisi ulisogea, na mawimbi yakajibu kwa namna nyingine. Kwa maneno mengine, lilikuwa kopo la Termen lililopunguzwa hadi likaingia jichoni, na mahali pa sauti ya balozi pakakaa ugonjwa.

Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walieleza kitambulisho cha redio kwa ajili ya ng'ombe. Kitambulisho hicho, kikimulikwa kwa mawimbi, kilitaja nambari ya ng'ombe pamoja na joto la mwili wake. Wafugaji wetu walio kando ya mbuga za Kasese, ambao hulijua homa la ng'ombe kwa kumgusa sikio, hawatashindwa kuona faida yake.

Siku hizi ndani ya kitambulisho cha namna hiyo huwekwa chipu ndogo kama punje ya mtama. Mawimbi ya chombo cha kusomea yanapoifikia antena, hutoa umeme kidogo unaoiamsha chipu. Chipu hupima, hutaja nambari yake na kipimo chake, kisha hulala tena. Pasipoti za Afrika Mashariki ambazo Uganda ilianza kuzitoa Desemba 2018 zina chipu ya ukoo huo, ingawa yenyewe haipimi kitu. Polisi wa uhamiaji aisomaye kwa kuiweka juu ya mashine anatumia kanuni hiyo hiyo.

Katika tiba, kihisi kilichokubaliwa Marekani mwaka 2014 huwekwa ndani ya mshipa upelekao damu mapafuni kwa wagonjwa wa moyo. Hakina betri. Mgonjwa hulala nyumbani kwake juu ya mto wenye antena ndani yake, msukumo wa damu ukasomwa, na daktari akaupata akiwa mbali. Daktari huona moyo unaanza kulemewa kabla mgonjwa mwenyewe hajaanza kuhema. Vihisi vya joto vya ukoo huo vimetengenezwa pia vya kubandikwa juu ya mifuko ya damu na masanduku ya dawa. Sisi tuliokuwa karibu na Bwera mwaka 2019 twaujua umuhimu wa jambo hilo, kwani chanjo ya Ebola iliyotumika ilipasa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na sanduku likipata joto njiani hakuna jicho la mtu liwezalo kujua kwa kulitazama.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba chombo hiki kinaweza kila jambo. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji huyameza mawimbi, hasa yale ya mapigo ya kasi. Kwa sababu hiyo kihisi kilicho ndani ya mwili husomwa kwa karibu tu. Tena mwaka 2008 watafiti wa Amsterdam walifanya majaribio 123 ya kuwasha vyombo vya kusomea karibu na mitambo ya hospitali, na mara 34 mitambo hiyo ilivurugika, mara 22 kati ya hizo kwa namna ya kuhatarisha mgonjwa. Chombo kilichokusudiwa kumwangalia mgonjwa kinaweza kuizima mashine inayompumulisha. Kwa hiyo hupasa kujaribiwa kwanza, tena na watu wenye ujuzi.

Funzo kwa Askari

Tumeyasimulia maisha ya Termen kwa sababu yana funzo kwetu sisi tuvaao sare. Kopo la shaba la Moscow na kihisi cha mshipa wa moyo ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili hukaa kimya hadi viulizwe, na vyote viwili humjibu anayeuliza pasipo kumtambua. Hiyo ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake. Kilichotenganisha upelelezi na tiba hapo ni ridhaa ya mtu mwenyewe. Balozi hakujua kwamba anasikilizwa. Mgonjwa wa moyo anajua, amekubali, na kila siku hulala juu ya ule mto kwa hiari yake.

Sasa turudi Lubiriha. Mtu anayekwepa kituo na kupita vichakani mara nyingi huwa na hofu: hofu ya kutengwa na wanawe, hofu ya kufia mahali asipojulikana, au hofu ya sare yenyewe. Hakuna kihisi, kiwe na betri au kisiwe nayo, kiwezacho kumpima mtu huyo. Siku moja vihisi vya namna tuliyoieleza vikiletwa katika hospitali za mpakani, vikabandikwa mikononi mwa waliokutana na mgonjwa ili joto lao lisomwe bila kuwagusa, watu watauliza swali la haki: ni nani anayesoma, na habari hizo zinakwenda wapi? Wakiambiwa ukweli watavaa. Wakifichwa, watavitupa mtoni na kufuata njia za pembeni, na ugonjwa utavuka pamoja nao.

Askari aliyesimama Mpondwe mwaka 2019, akamweleza mama mwenye kikapu kwamba kile kilichofanana na bastola hakidhuru, kisha akajielekezea mwenyewe kwanza ili mama aone, alifanya kazi ambayo hakuna mhandisi awezaye kuifanya badala yake. Kwa ajili hiyo, tunapopokea chombo kipya cha kupimia, yatupasa kujifunza mambo mawili pamoja: jinsi kinavyofanya kazi, na jinsi ya kumweleza kwa heshima yule tunayempima.

Lev Termen aliishi miaka 97. Akili yake ilifanya kazi mjini na kifungoni, kwa hiari na kwa kulazimishwa. Hakuwa na uwezo wa kuchagua chombo chake kitumiweje. Wakuu wake ndio waliochagua. Sisi leo, kila mmoja katika zamu yake, tunao uwezo huo.